Uchafu wa Nani

Kama kuna mtu aliyekijua kinyaa nje ndani, basi ni huyu mwanamke wa mashuka. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya nyumba moja ya wageni, yenye vyumba vya kulala na vyumba vya kupumzikia mchana, na mashuka ya vyumba hivyo hayana siri. Yalimfikia yamefungwa furushi, yananuka jasho la watu asiowajua, mafuta ya nywele, pombe iliyomwagika, na yale majimaji ya wanaume yaliyokauka yakakakamaa kama uji uliosahauliwa sufuriani. Mara moja moja kondomu ilidondoka akiyakung'uta. Mara nyingi haikudondoka kitu, kwa sababu hakuna aliyeivaa. Yeye alivaa glovu, akageuza uso pembeni, akaloweka, akasugua, akaanika vitu vyeupe pe. Alipenda kujisifu kwamba tangu aanze kazi hajakutana na doa lililomshinda.

Ndiyo maana jambo hili lilipomfika mwilini alilionea aibu mara mbili. Mwenzake kazini alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Pasi kwa kuwa ndiye aliyenyoosha kila alichofua yeye. Siku hiyo Mama Pasi aliingia na rundo la foronya, akasimama, akanusa hewa, akauliza kama furushi la leo limelaliwa na samaki. Akacheka mwenyewe. Mwanamke wa mashuka naye akacheka, tena kwa sauti, ingawa furushi la leo lilikuwa halijafunguliwa bado na mashuka ya jana yalikuwa yanapepea kambani nje. Shombo ile ilitoka kwake, na alijua.

Alikwenda chooni akajifungia. Chupi aliyoivaa asubuhi ikiwa kavu ilikuwa imelowa majimaji ya rangi ya manjano inayoelekea ukijani, yenye povu povu, na harufu iliyompanda puani ilimfanya ashike ukuta. Halafu kuwashwa. Alijikuna kwa hasira, kama mtu anayegombana na mwili wake, mpaka ngozi ikachubuka na mkojo ukamchoma wakati wa kutoka. Alikaa pale akisikia Mama Pasi anaimba upande wa pili wa ukuta, akajiona ni kitu cha kutupwa.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mumewe alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimsifu kwa usafi. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilifungiwa kitambaa kipya, na kila mashine ilipanguswa kwa spiriti mbele ya macho ya mteja, ili aone mwenyewe kwamba haambukizwi mba za mwenzake. Alivaa shati jeupe. Alinukia. Mtu kama huyu akisema mkewe ananuka, nani atambishia?

Na alisema. Mwanzoni alisema kwa mgongo, kwa kugeukia ukutani. Baadaye alisema kwa vitendo: alifungua dirisha mkewe akiingia chumbani, akapuliza manukato kwenye mto. Mwisho alisema kwa mdomo, tena mbele ya binti yao aliyekuwa anakula. "Wewe unafua nguo za dunia nzima, mwenyewe kinakushinda nini kujiosha?" Binti alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akaendelea kula polepole. Mwanamke alikusanya sahani ambazo hazijamalizwa akaenda kuziosha.

Lakini lazima isemwe, kwa sababu ndiyo inayotia kichefuchefu kuliko yote: mume huyo aliyeshindwa kulala karibu na harufu hakushindwa kumfuata mkewe siku alizotaka. Alikuja na pua yake pembeni, kama anayepita karibu na jalala, akamaliza haja yake, akaenda kuoga kwa maji mengi. Pua ilikataa, mengine hayakukataa. Mipira ilikuwa imejaa tele kule kazini kwa mkewe, katika boksi lililowekwa mapokezini bure, na siku moja mwanamke alithubutu kuja nayo. Kinyozi aliishika kwa ncha ya vidole akauliza tangu lini mtu na mkewe wa ndoa wakavaliana plastiki. Akaitupa dirishani.

Kabla ya hapo alikuwa ameshajaribu duka la dawa. Alisubiri wateja wapungue, hawakupungua, akalazimika kuinama juu ya kaunta na kunong'ona. Muuza dawa hakunong'ona. "Una uchafu, mama," alisema. "Unatokwa na uchafu ukeni. Meza hivi." Watu kwenye foleni wakaanza kusoma maandishi ya vipodozi kwa makini sana, na yeye akatoka akiwa ameficha vidonge kwenye ngumi. Hakuulizwa kama ana mume. Hakuulizwa lolote.

Vidonge vilimwachia mdomoni ladha ya chuma, chai ikawa haina maana, lakini vilifanya kazi. Kuwashwa kulikwisha, harufu ikaondoka, na kwa siku chache alitembea kazini kifua mbele. Kinyozi naye akarudi kitandani kwa bashasha, bila mpira kama kawaida yake. Haukupita muda, shombo ikarudi na povu lake.

Hapo ndipo lile neno la dukani lilipomwingia kichwani na kukaa. Uchafu. Kila mtu ndivyo anavyouita ugonjwa huo, na wanaouita hivyo wanajua ni namna tu ya kusema. Lakini mpe neno hilo mtu ambaye riziki yake ni uchafu, aliyelishwa na kuvishwa na uchafu, naye atalichukua kama lilivyo. Uchafu hauna muujiza. Uchafu unalowekwa. Alijilaumu hata kwa kumeza vidonge, kitu kinachopita tumboni, wakati doa liko mahali pengine kabisa.

Jumamosi, mume akiwa kwenye duka lake la kunyolea na binti akicheza kwa jirani, alijaza beseni maji ya vuguvugu. Akatia ile dawa ya madoa aliyokuja nayo kutoka kazini katika chupa ya juisi. Hakutia nyingi, alipima kwa kifuniko kama anavyopima kwa ajili ya foronya nyororo, maana alikuwa fundi na hakutaka kuunguza kitambaa. Akakaa ndani ya beseni. Kisha, kwa kuwa doa la ndani haliondoki kwa kuosha nje, akatumia vidole.

Alikuja kusimulia baadaye kwamba hakupiga kelele. Alibana meno kwenye taulo. Maumivu yalipanda mpaka kitovuni, macho yakatoka machozi kwa ile harufu kali ya dawa, na bado hakuinuka, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba kinachochoma ndicho kinachosafisha. Alipoinuka hakuweza kufunga mapaja. Kwa siku mbili alinuka kama choo cha hospitali, na kinyozi akasema afadhali. Siku ya tatu shombo ilirudi palepale, sasa ikiwa na damu kidogo.

Kinyozi aliona mambo yamemzidi, akampigia simu mama yake aje kumfunda mkewe usafi.

Mama mkwe alifika na mfuko wake mdogo na uso wa kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba mwanamke akiwa na tatizo huko chini, chanzo ni yeye mwenyewe. Aliomba maji ya kunywa, akapumzika kidogo, kisha akaenda uani akazipitia nguo za ndani za mkwe wake kambani moja moja, akizigeuza, akizisogeza puani, mchana kweupe, jirani akiwa anachagua mchele barazani kwake. Jirani aliacha kuchagua mchele. Mwanamke wa mashuka alisimama mlangoni, uso ukamwaka moto, asijue aende au abaki.

Dawa ya mama mkwe ilikuwa shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi huwapaka wateja kidevuni wembe ukiwakata ili damu ikauke. Alilichukua kwenye duka la mwanawe, akalisaga, akalichanganya na maji ya chumvi. Akamwambia mkwe wake ajioshe nalo ndani kila asubuhi na kila jioni, litakausha maji na kumbana vizuri, mume atatulia nyumbani.

"Mama, nina kidonda," alisema mwanamke.

"Ndiyo maana linachoma, mwanangu. Sisi wote tulifanya hivyo."

Alifanya. Alijiosha kwa jiwe la kukausha videvu mpaka kukawa kukavu, kumepasuka, kunavuja. Wiki hiyo kazini aliinua beseni la mashuka mabichi, tumbo la chini likamkata, beseni likamponyoka, na maji ya watu yakamlowesha mpaka kiunoni. Mama Pasi alimvuta akamkalisha kwenye kiti chake. Hakutania. Alimwambia hilo si furushi la samaki tena, na kwamba hatanyoosha hata foronya moja mpaka amfikishe kliniki.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye tabia ya kuuliza na kunyamaza. Alimpima, akachukua majimaji akayapeleka maabara, akauliza ameweka nini ukeni. Mwanamke alitazama sakafu. Alitaja shabu. Kisha akataja dawa ya madoa kwa sauti ya mtu anayeungama wizi. Daktari aliweka kalamu chini, akafumba macho kidogo.

"Wewe unafua mashuka," alisema. "Sasa nisikilize. Huko si shuka. Huko kuna wadudu wazuri wanaokulinda, na kuna uchachu wake unaowazuia wabaya. Kunajisafisha kwenyewe. Kila ulipotia sabuni na dawa, uliwaua walinzi, ukafungua mlango, halafu ukachubua na kizingiti."

"Lakini nilianza kunuka kabla sijatia kitu, daktari."

"Najua. Majibu yamekuja." Alisogeza kiti. "Hawa wadudu wanaoleta povu hawatoki kwenye maji machafu wala kwenye mashuka ya wageni. Wanatoka kwa mtu, kwa kulala naye bila mpira. Wewe umelala na nani?"

"Na mume wangu."

"Na nani mwingine?"

"Na mume wangu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Alieleza tu kwamba mwanamume anaweza kuwabeba wadudu hao bila kuwashwa wala kunuka, akatembea nao safi kabisa na shati lake jeupe. Ndiyo maana vidonge vya mwanzo vilimponya na ugonjwa ukarudi: yeye alimeza, mwenziwe hakumeza, wakalala, akapewa upya. Na ukeni kukiwa kumechubuka namna ile, magonjwa mengine yanaingia kirahisi zaidi, hata virusi vya ukimwi. Hicho kipimo walimfanyia palepale. Alikutwa hana, akaambiwa arudi kupima tena baada ya miezi mitatu. Maumivu ya tumbo ndiyo yaliyomtia daktari wasiwasi. Alisema yanaonyesha maambukizi yameanza kupanda kwenye kizazi, na kwamba safari hii yanatibika, lakini yakiendelea kuja na kurudi yataziba mirija.

Mwanamke wa mashuka alikuwa anataka mtoto wa pili. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa hata amehifadhi kofia ya binti yake ya uchangani, akiifua kila baada ya muda ingawa haikuwa inavaliwa. Alisikia neno mirija, akauliza swali moja tu, afanye nini. Akajibiwa kwamba wameze wote wawili kwa wakati mmoja, wasilale pamoja mpaka wapone, na baada ya hapo mpira, mpaka mume aje kupimwa na ieleweke ugonjwa unakotoka. Ingekuwa bora aje mwenyewe, alisema daktari, lakini wanaume hawaji. Akamfungia dozi mbili katika karatasi mbili, ya mume ya kumeza mara moja, ya kwake ya siku kadhaa.

Njiani alitembea polepole, ameshika mkono wa Mama Pasi. Kinyaa chote alichokuwa amejimwagia mwenyewe kwa miezi kilianza kumtoka polepole, na kwa kuwa kinyaa hakipotei hewani, kilikuwa kinatafuta pa kwenda.

Jioni, kabla ya chakula, alimpeleka binti kwa jirani, akaweka karatasi mbili mezani mbele ya mume na mama mkwe. Alieleza kama alivyoelezwa, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye shabu, mama mkwe alimkatiza kwamba wao waliitumia ujana wote.

"Na mlipona, mama?"

Mama mkwe akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo.

Kinyozi alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameshika karatasi yake, ameifungua, anavitazama vidonge kwa uso wa mtu aliyekutana na jamaa asiyempenda. Akavisukuma mbali. Alisema hamezi, yeye haumwi popote, anayeumwa anajulikana na pua za mtaa mzima ni mashahidi.

"Tena hivi vidonge vibaya," aliongeza. "Vinakuachia ladha ya chuma mdomoni, siku nzima kama umelamba sarafu."

Nje mtu alikuwa anamwaga maji. Waliyasikia yakiisha ndoo nzima.

"Umejuaje?" aliuliza mkewe.

"Nimejuaje nini?"

"Ladha yake. Mimi sijasema."

Angeweza kudanganya, na siku nyingine angedanganya vizuri. Lakini alikuwa mbele ya mama yake, na alichoogopa zaidi ya yote ni kuonekana mchafu. Kwa hiyo akatafuta njia ya kubaki msafi, akaichagua mbaya. Alisema basi ndiyo, na wajue. Kipindi kile cha mvua aliona dalili kidogo, mkojo unachoma, akaenda kwa daktari kama mtu mwenye akili, akapigwa sindano, akamezeshwa vidonge hivihivi. Alishasafishwa. Mwanamume kuteleza ni kitu cha kawaida, na yeye hakukaa na uchafu hata wiki moja. Kama uchafu bado upo ndani ya nyumba hii, si wake.

Mwanamke alihesabu mvua ile ilinyesha lini, na yeye alianza kuwashwa lini. Mvua ilitangulia. Wakati anajikuna chooni kazini, huyu alikuwa anajua. Wakati amekaa kwenye beseni la dawa ya madoa na taulo mdomoni, huyu alikuwa anajua, na jioni akasema afadhali. Alimwita mama yake kutoka mbali aje kunusa chupi kambani, na alikuwa anajua.

"Huyo daktari wako hakukwambia uje na mkeo?" aliuliza.

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Kinyozi alijikuna kidevu. "Nilimwambia sina mke," alisema. "Nilitaka yaishe."

Mama mkwe alisimama, akaenda mpaka dirishani, akatema mate nje. Alikaa huko, mgongo kwao, mkono umeshika ukingo wa dirisha. Mwanamke alimtazama mumewe: shati jeupe, kucha zilizokatwa sawasawa, shingo inayonukia. Alikuwa ameshika kwa mikono yake kila kitu kinachoweza kutoka kwa binadamu na kubaki kwenye kitambaa, na hakuwahi kukutana na kitu kilichomtia kinyaa namna hii. Alitamani kuwa na hasira. Hasira haikuja. Kilichokuja ni hamu ya kunawa mikono.

Alifungua karatasi yake akameza dozi yake ya kwanza. Kisha akaisogeza ile nyingine mpaka mbele ya vidole vya kinyozi, na glasi ya maji.

"Hii si ya kuninusuru mimi," alisema. "Mimi nimeshajinusuru. Hii ni kwa ajili ya huyo mwingine, ambaye naye pengine amekaa mahali anajisugua."

Kinyozi alimtazama mama yake amtetee. Mgongo haukugeuka. Basi akachukua vidonge, akavitupia kinywani vyote pamoja, akanywa maji, akakunja uso kwa ile ladha aliyoijua. Akaiweka glasi mezani kwa nguvu, kama mtu aliyelipa kila anachodaiwa, akajipangusa midomo.

"Haya, nimemeza," alisema. "Yameisha. Leo nalala wapi?"

"Lala wanakolala wasio na wake."

Alicheka kidogo, akisubiri wamcheke pamoja. Mama yake ndiye aliyetoka dirishani, akapita katikati yao bila kumtazama, akamfungulia mlango.